Somo la Uzazi Lisikome Mtoto Anapolia

Katika shule za upili za Kericho na Bomet, kama kwingineko nchini, mwanafunzi hukariri kwamba siku za kuzaa zikiwadia projesteroni hupungua, oksitosini huongezeka, na mtoto huzaliwa. Akiyaandika hayo katika mtihani, alama hupata. Lakini maelezo hayo yanamfaa zaidi ng'ombe afungwaye kando ya shamba la chai kuliko mama anayeyachuma majani yake.

Ng'ombe projesteroni humshuka kweli kabla ya kuzaa. Kwa binadamu, kiwango chake katika damu hubaki juu mpaka kondo la nyuma litoke. Kinachobadilika ni msuli wenyewe wa mji wa mimba: huacha kuitii homoni hiyo iliyoutuliza kwa miezi mingi. Seli zake huunganishwa na vijia vya kupitishia umeme ili zikaze kwa pamoja, na vipokezi vya oksitosini huongezeka sana. Kichwa cha mtoto kikiusukuma mlango wa uzazi, neva huupasha ubongo habari, oksitosini zaidi humwagwa, na uchungu huzidi. Ndiyo maana uchungu wa kweli hukaribiana na kuongezeka nguvu, ilhali ule wa uongo aghalabu hupoa mama apumzikapo. Binti akaaye ndani ya mashamba ya chai, mbali na lami, ana haja na tofauti hiyo kuliko alama.

Tena somo letu hukoma mtoto anapolia, na hapo ndipo penye hatari. Kondo linapobanduka, mishipa iliyokuwa ikipitisha takriban nusu lita ya damu kila dakika hubaki wazi. Kinachoibana upesi ni nyuzi za msuli ule ule. Ukilegea, mama aweza kufa kwa muda wa saa chache. Kwa sababu hiyo mkunga humdunga yuniti 10 za oksitosini mara mtoto atokapo. Dawa hiyo huhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 (baridi ya Kericho, pamoja na sifa zake zote, haitoshi), hivyo umeme ukipotea zahanati huwa mashakani. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka wa 2018, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba kabetosini isiyohitaji jokofu huzuia kuvuja damu bila kupitwa na oksitosini. Ni wanafunzi wangapi wamepata kulisikia jina hilo?

Mwalimu wa Baiolojia aweza kuyaeleza haya kwa kipindi kimoja na mchoro ubaoni. Wavulana nao wasitolewe darasani, kwa kuwa wao ndio watakaotafuta gari usiku wa mvua.