Sanduku la Barafu Katika Mtumbwi: Tulichague kwa Hesabu

Kata ya Ibaba, wilayani Ileje katika Mkoa wa Songwe, haina ziwa. Ipo juu milimani, na mwananchi wa huko anayetaka samaki hana budi kumngojea kutoka mbali: ama kutoka Ziwa Nyasa upande wa Kyela, ama kutoka Ziwa Rukwa upande wa kaskazini. Iko mito miwili yenye jina hilo moja la Songwe. Mmoja humwaga maji yake katika Rukwa, na mwingine, ule ulio mpaka wetu na Malawi, huelekea Nyasa. Maji hushuka bure, lakini samaki hupanda kwa gharama.

Samaki anayefika milimani aghalabu amekaushwa au amebanikwa. Kwa usipa njia hiyo ni nzuri, kwa maana ni mdogo na jua humkausha upesi. Mbasa, magege na kambale ni habari nyingine. Hao, wakishatoka majini, saa zao zinahesabika. Mvuvi anajua hivyo; na mchuuzi anayemngoja ufukoni anajua kwamba mvuvi anajua. Ndiyo maana bei hushuka kadiri jua linavyopanda. Asiye na barafu hana uwezo wa kukataa bei mbaya. Kwa hiyo swali la kuchagua sanduku la barafu la kutia katika mtumbwi, ambalo huenda likaonekana dogo, ni swali la kipato cha mvuvi na la chakula cha watu wanaokaa mbali na maji. Maoni yangu ni kwamba swali hili linajibika kwa fizikia ya sekondari, na kwamba tumeliacha mno mikononi mwa wauzaji.

Tuanze na samaki mwenyewe. Akifa, kinga ya mwili wake hukoma. Vimeng'enya vilivyokuwa vikisaga chakula tumboni huanza kumsaga yeye, na bakteria waliokuwa juu ya ngozi, katika matamvua na katika utumbo huingia katika nyama. Kazi zote hizo huenda kasi kwenye joto na hupungua kwenye baridi. Kwa kipimo cha jumla, samaki aliyewekwa katika nyuzi 10 za sentigredi huharibika kwa kasi ya takribani mara 4 ya yule aliyewekwa katika nyuzi 0. Barafu inayoyeyuka ina sifa moja njema: hubaki katika nyuzi 0 mpaka chembe yake ya mwisho. Samaki aliyezungukwa nayo pande zote hahitaji kipimajoto.

Sasa tulitazame sanduku, ambalo wengi wetu huliita deli. Jambo la kwanza la kushika ni kwamba sanduku halitengenezi baridi. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kulichelewesha joto la nje lisiingie ndani. Uwezo wa kupoza umo katika barafu. Kilo moja ya barafu hunyonya kilojouli 334 za joto fiche mpaka iyeyuke yote. Hiyo ndiyo akiba ya mvuvi, na sanduku ni mlinzi wa akiba hiyo. Kumgawia mvuvi sanduku mahali pasipo na barafu ni kumgawia kabati.

Tufanye hesabu. Tuseme mvuvi anatarajia kupata kilo 10 za magege, na maji ya ziwa yana nyuzi 26. Kilo moja ya samaki huhitaji kunyang'anywa kilojouli 3.6 hivi ili ipoe kwa uzi mmoja. Basi kuwashusha samaki wote mpaka nyuzi 0 ni 10 mara 3.6 mara 26, yaani kilojouli 936. Tukigawa kwa 334 tunapata kilo 2.8 za barafu. Kiasi hicho hakina mjadala: hata sanduku la bei kubwa kuliko yote haliwezi kukipunguza.

Kinachotegemea sanduku ni joto linalopenya kuta. Joto hilo huongezeka kwa eneo la kuta na kwa tofauti ya joto kati ya nje na ndani, na hupungua kadiri kuta zinavyokuwa nene. Chukua sanduku kubwa ambalo ndani lina urefu wa sentimita 60, upana 40 na kina 35, lenye kuta za sponji nyeupe ngumu, unene sentimita 2.5. Hewa ikiwa na nyuzi 28, sanduku hilo litayeyusha takribani kilo 4 za barafu kwa saa 8. Chukua dogo, la sentimita 40 kwa 30 kwa 25, kuta za unene uleule: kilo 2. Lifanye lile dogo kuwa na kuta za sentimita 5: kilo 1 tu. Lita 30 za sanduku hili dogo zinatosha samaki wale kilo 10 pamoja na barafu yao. Kwa hiyo mwenye sanduku kubwa na jembamba lazima abebe barafu kilo 7 kwa kazi ambayo mwenzake anaifanya kwa kilo 4. Na kila mmoja aongeze kilo moja ya akiba, kwa kuwa kifuniko kitafunguliwa mara nyingi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na desturi yetu ya kununua kubwa kwa kudhani kwamba kubwa ni bora. Katika mtumbwi ukubwa una hasara ya pili. Mtumbwi ni chombo chembamba, na usalama wake unategemea uzito kukaa chini na katikati. Sanduku refu lililojaa huinua kitovu cha uzito. Maji ya barafu iliyoyeyuka, yakiwa mengi na yenye nafasi, hukimbilia upande ambao mtumbwi umeinamia na kuuzidisha kuinama. Kwa hiyo sanduku la mtumbwi liwe fupi, lenye kitako kipana, lifungwe kwa kamba lisiteleze, na liwe na tundu chini lenye kizibo ili maji yatolewe kila yanapozidi. Kifuniko kifungukie juu, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito na haimwagiki kama inavyomwagika mlango wa ubavuni ukifunguliwa. Rangi iwe nyeupe au ya kung'aa, ili mwanga wa jua urudishwe. Na gunia lililoloweshwa likifunikwa juu yake, maji yanapokuwa mvuke yatapoza kuta za nje bila senti moja.

Nchi za ng'ambo wako watu wanaovua kwa kayaki, chombo chembamba kilichobuniwa na wakazi wa nchi za Aktiki, ambao barafu kwao haikuwa bidhaa ya kununua. Masanduku yanayouzwa leo kwa wavuvi hao husifiwa kwa siku: hili hutunza barafu siku 5, lile siku 7. Nilipokuwa masomoni huko nilijifunza kuuliza swali moja mbele ya tangazo la namna hiyo: siku hizo zilipimwa vipi? Sanduku lililojazwa barafu tupu, likawekwa kivulini na kutofunguliwa, litadumu sana. Sanduku la mvuvi wetu hupokea samaki mwenye joto la ziwa, hukaa juani, na hufunguliwa kila wavu unapotoa kitu. Hesabu ya mvuvi ni ya saa na kilo, si ya siku.

Yamkini atatokea msomaji wa kuniuliza: babu zetu walibanika samaki bila barafu, kwa nini tujitie gharama? Swali ni la haki. Lakini kubanika kunataka kuni, na kuni zinatoka katika misitu ileile inayolinda vyanzo vya mito yetu. Vilevile sisemi kwamba kila samaki apate barafu. Usipa aendelee kuanikwa. Mvuvi anayerudi baada ya saa moja na kula samaki wake jioni ileile anatoshwa na kikapu kilichofunikwa majani mabichi. Barafu ni kwa samaki wa thamani anayekwenda mbali, na hasa kwa yule anayepanda kwenda milimani. Tena huko mlima wenyewe husaidia: hewa ikiwa na nyuzi 14 badala ya 28, joto linalopenya kuta hupungua kwa nusu, na kilo moja ya barafu hufanya kazi mara mbili ya muda.

Basi maoni yangu kwa wenye mamlaka ni kwamba fedha zitangulie kwenye mashine za barafu kando ya maziwa, ndipo masanduku yafuate. Na masanduku mengi tunaweza kuyaunda wenyewe: mbao nje, bati au plastiki safi ndani, na katikati kihami kikavu. Neno "kikavu" nalisisitiza, kwani maranda ya mbao au pumba za mpunga huzuia joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake. Zikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa na kinga hupotea. Zitiwe katika mifuko ya plastiki na kufungwa barabara.

Kwa walimu na wanafunzi nina ombi mahsusi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, aliona maziwa ya kutengenezea askrimu yaliyotiwa katika jokofu yakiwa moto yakiganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Swali lake lilichekwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walilichapisha katika jarida la Physics Education, na wataalamu wangali wanabishana juu yake. Swali lenye thamani laweza kuanzia katika bakuli la mwanafunzi.

Undeni visanduku vitatu vya ukubwa mmoja: kimoja chenye maranda, cha pili pumba za mpunga, cha tatu majani makavu ya mgomba. Shule isiyo na jokofu, kama zilivyo nyingi vijijini, isikate tamaa. Kihami hakijui joto linakwenda upande gani. Kinachozuia joto lisiingie huzuia pia lisitoke. Tieni katika kila kisanduku chupa ya maji ya moto ya nyuzi 60, ujazo sawa, na pimeni joto lake kila baada ya nusu saa. Choreni mistari mitatu katika karatasi moja ya grafu. Kisanduku ambacho mstari wake unashuka polepole kuliko vingine ndicho cha kumwonyesha mvuvi, pamoja na grafu yenyewe, ili naye aamue kwa macho yake.