Anga Haina Mwenyewe

Wapo wanaodai kuwa kufuatilia setilaiti ni kazi ya mataifa tajiri pekee. Dai hilo halina mashiko. Mwaka 1966, nchini Uingereza, mwalimu Geoffrey Perry na wanafunzi wake wa shule ya Kettering walinasa kwa redio mawimbi ya setilaiti za Kisovieti. Walipokokotoa njia ya Kosmos 112, walibaini kuwa ilirushwa kutoka kituo cha siri, Plesetsk; Moscow ilikiri hadharani mwaka 1983. Hewa nyembamba ya juu huishusha setilaiti taratibu, hivyo hesabu ya jana haitoshi leo. Kinachohitajika zaidi, basi, ni subira ya kuhesabu upya, wala subira hainunuliwi. Vyuo vya Kenya visingoje mitambo: haba na haba hujaza kibaba.