Shule Iliyotua Fimbo: Kiwewe cha Watoto Kibondo na Kasulu

Mtoto aliyekimbia risasi huingia darasani na usingizi uliokatika, kichwa kinachouma kila asubuhi, tumbo linalosokota kabla ya somo la hesabu, na macho yasiyobanduka mlangoni. Mwalimu humwona mzembe. Zahanati humwona mgonjwa wa malaria. Huchapwa huku na kumezeshwa vidonge kule, na chanzo cha mateso yake hubaki hakijaguswa.

Nyanda za juu za Kigoma zimewapokea watoto wa namna hii kwa zaidi ya nusu karne. Warundi walivuka mpaka mwaka 1972, wakavuka tena 1993, kisha 2015. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Ile ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya Oktoba 2015. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, na miongoni mwa waliovuka mpaka miaka mitatu baadaye walikuwamo watu waliokwisha kuondolewa humo. Wala kiwewe si habari ya wageni peke yao. Huko Kabanga, Kasulu, shule iliyopokea watoto wenye ulemavu iligeuka makimbilio ya watoto wenye ualbino pale mashambulizi dhidi yao yalipoenea nchini. Walikuwa watoto wa Tanzania, waliokimbia majirani zao.

Mazungumzo kuhusu jambo hili huanza, mara nyingi, kwa kuulizia mshauri nasaha. Swali hilo ni zuri, lakini limetangulia wakati wake. Lililo la kwanza ni kuiuliza shule kama yenyewe imeacha kujeruhi. Mwili wa mtoto aliyepatwa na kiwewe hubaki katika tahadhari: mshindo wa dirisha, sauti kali au mkono ulioinuliwa hutosha kuupeleka moyo mbio na kukakamaza misuli, na akili iliyo katika hali hiyo haishiki jedwali la kuzidisha. Akichapwa kwa kutoshika, hofu yake imethibitishwa, na kesho atashika kidogo zaidi.

Kanuni za nchi bado zinaruhusu viboko, visivyozidi vinne, kwa mamlaka ya mkuu wa shule, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kila aliyesoma nchini anajua jinsi mipaka hiyo inavyoheshimiwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009, ulionyesha kwamba takriban kijana mmoja kati ya kila wawili aliwahi kupata ukatili wa kimwili kutoka kwa mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18. Nyumbani nako hakuna unafuu wa kutosha. Watafiti waliozichunguza familia za Warundi katika kambi za Kigoma walikuta kwamba dalili za watoto ziliambatana pia na ukatili wanaotendewa na wazazi wao, ambao wengi wao walikuwa na majeraha yao wenyewe.

Walimu wana utetezi, na ni haki usikilizwe. Madarasa yamefurika, kambini wapo waliofundisha chini ya miti, mwalimu mkimbizi analipwa posho, naye pia amezika ndugu. Anayemwambia mtu huyo atue fimbo bila kumpa kitu kingine mkononi anamdhihaki. Lakini kitu hicho kipo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, walimu wa shule za sekondari za umma nchini Tanzania walifunzwa kwa siku tano na nusu namna ya kuongoza darasa pasipo ukatili, wakapewa pia nafasi ya kukumbuka adhabu walizopata wao utotoni. Miezi mitatu baadaye matumizi ya ukatili yalikuwa yamepungua kuliko katika shule ambazo hazikupata mafunzo, kwa ushahidi wa walimu na wa wanafunzi vilevile. Chini ya wiki moja: semina nyingi za wilaya hula muda huo kwa faida ndogo zaidi.

Mhudumu wa afya naye ana sehemu yake. Kigoma ni mkoa wenye malaria nyingi, kwa hiyo kipimo kisirukwe hata siku moja. Ila kipimo kikitoka hasi mara ya pili na ya tatu, na mtoto yuleyule akarudi na kichwa kilekile, aulizwe juu ya usingizi, ndoto, kukojoa kitandani, na yanayompata shuleni. Aulizwe kwa lugha yake. Kiha na Kirundi zinasikilizana, na muuguzi mzaliwa wa Kasulu ana hazina ambayo mtaalamu kutoka mbali hawezi kuinunua. Asimlazimishe kusimulia mkasa wote siku hiyo. Kumchokonoa mtu mara moja kisha kumwacha huweza kumzidishia maumivu.

Watoto wengi watapata nafuu kwa usalama, michezo, na ratiba isiyobadilika ghafla. Wachache watahitaji tiba kamili, nayo haihitaji daktari bingwa kila mara. Katika makazi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwatibu wenzao kwa kuwaongoza kusimulia maisha yao kwa mpangilio, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha dalili za kiwewe zikipungua.

Kinachokosekana Kibondo na Kasulu ni njia kati ya darasa na zahanati. Wahudumu huenda shuleni kwa chanjo na dawa za minyoo. Katika safari hizohizo wakae saa moja na mwalimu wa malezi, wapewe majina ya watoto waliobadilika ghafla, wakubaliane nani atampokea nani na siku gani. Mtoto anayeumizwa sasa hivi, nyumbani au shuleni, asisubiri safari hiyo: ofisa ustawi wa jamii ajulishwe siku ileile, au ipigwe simu ya bure namba 116.