Nobel ya Uchumi: Tarakilishi Haitatutajia Mshindi

Kila Oktoba ikikaribia sisi watu wa programu huwa na mchezo wetu: kubashiri nani atatwaa tuzo ya Nobel ya uchumi. Mbinu maarufu ni kuhesabu. Unaangalia makala za kila msomi zimetajwa mara ngapi na wenzake, na anayetajwa sana ndiye wako. Kampuni ya Clarivate hutoa orodha kama hiyo kila mwaka, na baadhi ya waliomo wameshinda baadaye.

Mimi nasema mbinu hiyo inakuonyesha foleni tu. Haikwambii nani ataitwa mwaka huu.

Kwanza, data ni kiduchu. Tangu 1969 hadi 2025 tuzo imetolewa mara 57, kwa watu 99. Umri nao hausaidii: Leonid Hurwicz alishinda 2007 akiwa na miaka 90, Esther Duflo 2019 akiwa na 46.

Pili, na hili ndilo kubwa, majina ya waliopendekezwa hufungiwa miaka 50. Kwa miaka ya karibuni tunawaona washindi pekee. Programu itajifunzaje kumtambua mshindi ikiwa haijui alishindana na nani? Ni kama zile programu za mikopo ya simu. Zinajua nani alilipa kati ya waliokopeshwa, lakini aliyenyimwa, hakuna ajuaye kama angelipa. Hapo mchezo umekwisha, ni karo ya mtoto wa mtu.

Tatu, kamati huangalia kazi, si umaarufu. Elinor Ostrom, mshindi wa 2009, alisomea sayansi ya siasa, akachunguza jinsi watu wanavyotunza misitu na maji yao kwa pamoja. Michael Kremer, aliyeshinda pamoja na Duflo, sehemu ya utafiti wake aliufanya katika shule za msingi za Busia, hapa kwetu.

Kwa hivyo mimi nabashiri mada kwanza, jina baadaye. Mada yangu ni kutumia tarakilishi kutenganisha chanzo cha jambo na sadfa tu. Jina langu ni Susan Athey. Hadi 2025 wanawake walioshinda ni watatu; naona wa nne ni yeye.

Je, wewe karata yako unamwekea nani? Nipe jina, lakini nipe na sababu.