Basi la shule literemke Baringo

Alfajiri ya Timboroa, mtoto huenda shule amevaa sweta mbili, na mvuke unamtoka mdomoni kila asemapo. Ikweta iko karibu, lakini mji umekaa takriban mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na viazi na kondoo wameizoea baridi hiyo kuliko watu. Mwambie mtoto huyo kwamba upande wa pili wa Eldama Ravine, mwendo wa saa chache kwa gari, kuna bonde la mawe, migunga na jua linalochoma utosi. Atadhani anataniwa.

Msimu wa ziara ukifika, mabasi ya shule huelekea Nakuru kutazama wanyama, au Nairobi, na wenye uwezo hufika Mombasa. Si vibaya. Ila akitokea mwalimu wa kupendekeza Milima ya Tugen huko Baringo, swali huwa moja: kule kuna nini zaidi ya mawe?

Kuna mfupa wa paja. Mwaka 2000, kundi la Martin Pickford na Brigitte Senut lilipata huko Kapsomin, Baringo, visukuku vya kiumbe aliyeishi takriban miaka milioni 6 iliyopita. Umbo la paja hilo ndilo lililowafanya watafiti hao waseme alitembea kwa miguu miwili. Wengine walibisha, na ubishi huo wenyewe ni somo zuri kuliko jibu la kukariri. Walimwita Orrorin tugenensis. Orrorin kwa Kitugen, lugha mojawapo ya Kikalenjin, ni mtu wa asili. Mtoto Mkalenjin wa Timboroa hukuta maneno ya kigeni katika kila ukurasa wa kitabu chake cha sayansi. Hili moja limetoka kwa jirani.

Mpinzani wa hoja hii atasema mifupa yenyewe haiko tena pale, imehifadhiwa. Kweli. Lakini aonyeshwe mtoto makorongo ya huko, jinsi mvua inavyomega udongo tabaka baada ya tabaka, naye ataelewa kwa nini visukuku huonekana kwenye nchi kame na si chini ya mashamba ya viazi ya kwao, yenye majani mwaka mzima. Hilo halifundishiki kwa picha.

Wenye siku na nauli zaidi wapite Eldoret, Kitale na Lodwar hadi jangwa la Turkana. Huko Nariokotome, Agosti 1984, kambi ya watafiti ikiwa mapumzikoni, Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku, alitoka kutembea, akaona kati ya kokoto kipande cha mfupa wa paji la uso kisichozidi kiberiti. Kokoto zilikuwa nyeusi, na mfupa nao mweusi. Kikafuata kiunzi karibu kizima cha mvulana wa miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, ambaye baadhi ya wataalamu wanakadiria alikufa akiwa na miaka 8 au 9. Ni rika la watoto wanaogombania dirisha ndani ya basi, ingawa yeye alikuwa mrefu, karibu mita 1.6.

Kimeu, mtoto wa Ukambani, hakuanza na shahada; alianza na macho. Watoto wapewe nafasi ya kuyajaribu ya kwao: nusu saa ya kutembea polepole, wakitazama chini, bila simu na bila kukimbizwa na ratiba. Atakayeona kitu asikiokote, amwite kiongozi wa njia. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inakataza kuhamisha vitu hivyo bila kibali, na kisukuku kilichoingia mfukoni hakiwezi tena kusema kilitoka tabaka lipi.

Mwalimu naye ana kazi yake kabla ya safari. Sehemu za Baringo husumbuliwa na wizi wa mifugo, kwa hiyo amuulize chifu wa huko hali ilivyo wiki hiyohiyo. Basi liondoke usiku bado haujaisha, maji yawe mengi kuliko soda, kofia zisisahaulike. Sweta zitavuliwa kabla ya kufika mji wa Marigat.