TUZIPAKE RANGI SANAMU ZA WARUMI

Hebu fungua kitabu chochote cha Historia penye picha za Roma ya kale. Utaona nini? Sanamu nyeupe pe! Mungu mweupe, mfalme mweupe, hata farasi wake mweupe. Basi wengi wetu hudhani Warumi walipenda mambo yao hivyo. La hasha! Nyingi za sanamu zile zilipakwa rangi, tena rangi kali: nyekundu, buluu, manjano, na macho na midomo ikachorwa. Mvua, udongo na miaka elfu mbili ndivyo vilivyozivua nguo.

Ushahidi upo. Sanamu ya Kaisari Augusto iliyofukuliwa Prima Porta, karibu na Roma, mwaka wa 1863, ilitoka ardhini ikiwa na mabaki ya rangi. Siku hizi wataalamu humulika mawe kwa mwanga wa kawaida, na ile buluu ya Misri, iliyotengenezwa kwa kuchoma mchanga, chokaa na shaba, hung'aa kwa miale isiyoonekana kwa macho hata kama imebaki chembe tu. Mjerumani Vinzenz Brinkmann na wenzake walizitia rangi nakala za sanamu za kale wakazionyesha mjini Munich mwaka wa 2003.

Katika chama chetu wapo wanaosema ati nakala yenye rangi hufanana na mwanasesere wa dukani, na kwamba weupe una heshima yake. Mimi nakataa katakata. Nani alitufundisha heshima hiyo? Mjerumani mwingine, Winckelmann, aliandika mwaka wa 1764 kwamba kadiri mwili unavyozidi kuwa mweupe ndivyo uzuri unavyozidi. Akaaminiwa! Hata mnamo 1937 na 1938, katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London, wafanyakazi walizikwangua sanamu za Wagiriki za Parthenon kwa vyombo vya shaba ili ziwe nyeupe zaidi. Yaani jiwe lilikwanguliwa lifanane na kitabu. Na sisi huku, tukitazama picha hizo mwaka baada ya mwaka, tunalishwa kimyakimya kwamba ustaarabu una rangi moja. Hilo ndilo linaloniuma.

Wengine wanadai kumpaka rangi mungu wa kale ni kama kumfufua. Jamani! Plasta ni plasta.

Hoja iliyonitoa jasho ni ile ya kubahatisha. Chukua Cernunnos, mungu wa Wakelti. Kwenye nguzo iliyofukuliwa mwaka wa 1711 chini ya kanisa la Notre-Dame, Paris, ana pembe za kulungu, na kila pembe imetundikwa mkufu mzito. Wakelti walivaa mikufu ya dhahabu, maana imefukuliwa mingi. Basi mkufu tuupake manjano. Lakini uso je? Ndevu je? Hapo mpakaji anakisia, nakubali. (Kwa Sulis Minerva wa Bath kazi ni rahisi: kichwa chake kilichopatikana mwaka wa 1727 ni cha shaba iliyopakwa dhahabu, na dhahabu bado ipo.) Ila nawauliza wapinzani wangu: weupe nao si kisio? Tena ni kisio ambacho mara nyingi tunajua kabisa kuwa si kweli!

Jiwe lenyewe la kale lisiguswe kamwe, kwa sababu ukilipaka umefunika ushahidi. Nakala ndiyo ya kujaribia. Ukikosea rangi leo, kesho unamimina plasta nyingine kwenye kalibu ile ile. Majumba ya makumbusho yaweke nakala mbili kando kwa kando, ya rangi na isiyo na rangi, na kibandiko kieleze wazi: rangi hii imeonekana kwenye jiwe, hii tumekisia. Nasi tusingoje watu wa Ulaya. Mwalimu wa Sanaa akitukubalia, brashi tunazo.