Eti Ni Kofi Tu la Afande

Wasee, kuna maneno nimechoka kuyaskia. "Ni kofi tu. Sasa mnataka afande apoteze kazi juu ya kofi?" Kila polisi akipelekwa kortini kwa kumpiga mke wake, lazima mtu ayaseme, na mara nyingi ni mtu mpole kabisa.

Mimi si wakili, hata chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma najua. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 250, inasema shambulio la kawaida ni kifungo cha hadi mwaka 1. Ukimwachia mtu jeraha unaenda 251, na hapo ni hadi miaka 5. Hizo ni za juu kabisa. Hakimu anaweza kukupiga faini, kukuweka probesheni ama kukuachilia kwa masharti. Kwa hivyo tuache kuogopeshana na Kamiti.

Nililelewa kwa ploti iliyopakana na laini za polisi. Kulikuwa na mama fulani, mke wa afande, alikuwa anatuuzia mandazi asubuhi. Siku moja akatoka jicho limefura. Alienda kuripoti. Nani alikuwa kwa dawati? Jamaa anayekula nyama na bwanake kila mwisho wa mwezi. Akaambiwa, "Mama, rudi nyumbani muongee." Namba ya OB hakupewa, na bila hiyo P3 utaanzia wapi? Kesho yake alikuwa pale pale na karai lake. Tulinunua mandazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza jicho limefanya nini, na mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kuuliza.

Fundi akimpiga mkewe, mke atakimbilia kituoni. Mke wa polisi akimbilie wapi? Najua IPOA iko, sheria yake ni ya 2011. Lakini saa nane usiku mlango wa karibu ni wa kituo, na walio ndani ni marafiki wa bwana. Halafu kuna bunduki. Desemba 2021 kule Kabete, polisi alimuua mkewe, akatoka nje akaua wengine kabla ya kujiua. Sisemi kila anayezaba kofi atafika huko. Nasema mke wake hulala akijua bunduki iko.

Hii ya kazi sitaidharau, manze. Nyumba ya laini ni ya kazi. Kazi ikienda, mama na watoto wanatolewa pia, ndiyo maana wengi hurudi kortini kusema wamesamehe. Na sheria inamruhusu hakimu kuwapatanisha watu kwa kesi ya shambulio la kawaida.

Kwa hivyo kama ni mara ya kwanza na jeraha ni dogo, mimi sitalia akikosa jela. Lakini apatikane na hatia hadharani na iandikwe kwa faili yake. Wakubwa wake wamnyang'anye bunduki. Na asikae tena kwa dawati la ripoti, kwa sababu kesho mke wa mtu mwingine ataingia pale na jicho limefura.

Na hakimu akitaka kumuuliza mama kama kweli amesamehe, amuulize bwana akiwa nje ya chumba.